Mshipi wa Babu

Nilipokuwa mtoto hapa Pemba, babu alivua kwa mshipi wa uzi wa pamba. Aliuchovya katika maji ya gome la mkoko usioze, kisha akauanika baina ya minazi. Nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont, ilikuwa imeshafika madukani kwetu, naye hakuitaka. Alisema inanyumbuka, haimwambii mvuvi kitu. Kwa pamba, kidole chake kilijua kama ni changu anayegusa chambo au ni mwamba tu. Alisema kweli. Tena nailoni haiozi. Vipande nilivyovipoteza mwenyewe nadhani vingali vimenasa kwenye matumbawe.

Hata hivyo niliinunua kwa siri. Siku moja katika mkondo wa Pemba tulikokota ndoana zilizofungwa unyoya mweupe wa kuku. Jodari akadaka ya babu, mshipi ukakatika. Mwingine akadaka yangu. Nailoni ikashika, ikanichana kiganja, kovu ninalo.

Babu alimtazama jodari, akautazama mkono wangu, akaufunga kwa kitambaa. Hakunigombeza. Wiki ile ile alinituma dukani.

"Chukua ule mnene," alisema.