Kutoka Paris Hadi Uani: Riwaya ya Kiarabu Ilivyojitafuta

Mwaka 1913 ilitoka mjini Cairo riwaya iitwayo Zaynab, na jaladani hapakuwa na jina la mwandishi. Palisomeka tu kwamba imeandikwa na Mmisri mkulima. Mkulima huyo alikuwa Muhammad Husayn Haykal, wakili kijana aliyekuwa ametoka kuchukua shahada ya udaktari Paris, mtoto wa familia yenye mashamba yake. Alijificha kwa sababu kutunga hadithi za mapenzi kulionekana kuwa mchezo usiomfaa mwanasheria mwenye wateja. Hata hivyo, pazia alilojifunika lilikuwa limechaguliwa kwa makusudi. Vinywani mwa wakubwa wa Cairo wenye asili ya Kituruki, kuitwa mkulima kulikuwa ni kutukanwa. Haykal aliichukua dharau hiyo akaiweka jaladani, na kabla yake akautanguliza Umisri wake. Jina lake halisi lilisubiri hadi toleo la 1929.

Riwaya ya Kiarabu ilizaliwa ikiwa na swali hilo mdomoni: sisi ni nani? Kwa zaidi ya miaka mia moja waandishi wake wamelijibu wakiwa wameukabili upande wa kaskazini, kule ilikotoka meli ya mkoloni na kule alikokwenda kusoma mtoto wa nyumbani. Ni historia yenye utajiri mkubwa. Lakini lipo jambo lililochelewa sana kuandikwa ndani yake, nalo lilikuwa karibu kuliko Ulaya. Lilikuwa uani, kwa watu waliopika, waliolea na waliochota maji katika nyumba za hao waliokuwa wakijiuliza.

Msafiri wa kwanza kuacha alama alikuwa shehe. Mwaka 1826 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alipeleka vijana Ufaransa kusoma, na akawapa imamu wa kuwasimamia katika dini yao, Rifa'a al-Tahtawi, mwanafunzi wa al-Azhar. Imamu yule alijifunza Kifaransa akawapita wengi aliotumwa kuwachunga. Aliporudi mwaka 1831 alikuja na habari za Paris: mikahawa yake, magazeti yake, katiba yake, namna watu wanavyokula mezani. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1834. Anastaajabu bila kusujudu, na anakosoa bila kutukana. Utulivu huo ulitokana na wakati wake. Ufaransa aliyoiona ilikuwa haitawali nchi yoyote ya Kiarabu alipowasili. Algeria ilivamiwa mwaka 1830, yeye akiwa bado Paris.

Baada yake yakaja mashine za kuchapia, magazeti na majarida, huko Beirut, Cairo na Iskandaria, na vuguvugu ambalo Waarabu wenyewe huliita Nahda, yaani mwamko. Wasomaji wa pwani yetu wasilione vuguvugu hilo kuwa la mbali. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyepita Misri mwaka 1875 akitoka Ulaya, alianzisha matbaa Unguja, na vitabu vya Kiarabu vikawa vinachapwa hapohapo. Mwaka 1911 kadhi na mshairi Abu Muslim al-Bahlani, mzaliwa wa Oman, alianzisha gazeti la Al-Najah katika mji uleule. Alifia Unguja mwaka 1920, na leo Oman humhesabu miongoni mwa washairi wake wakubwa kabisa.

Kufikia miaka ya 1930 swali lilikuwa limekuwa ugomvi wa waziwazi. Taha Hussein, aliyepofuka utotoni, akasoma al-Azhar kisha Sorbonne, alitoa mwaka 1938 kitabu kuhusu mustakabali wa utamaduni wa Misri. Hoja yake ni kwamba akili ya Mmisri ni ya Bahari ya Kati, ndugu wa Wagiriki na Warumi, wala si ya Mashariki. Wengi walimjia juu. Kilichowaudhi zaidi ni kwamba mtu aliyeijua Qur'ani kwa moyo na ushairi wa kale kwa undani ndiye aliyekuwa akiwaambia wageukie upande ule.

Yahya Haqqi aliuingiza ugomvi huohuo ndani ya chumba kimoja. Katika riwaya yake fupi ya mwaka 1944, Taa ya Umm Hashim, kijana Ismail anatoka mtaa wa Sayyida Zaynab, Cairo, kwenda Uingereza kusomea udaktari wa macho. Anarudi baada ya miaka saba. Usiku uleule wa kufika anamkuta mama yake akimtia binamu yake Fatima, mwenye macho mabovu, mafuta yaliyotoka kwenye taa ya msikiti. Daktari anapandwa na hasira, anakwenda msikitini, anaivunja taa kwa fimbo, na watu wanampiga nusura wamuue. Kisha anamtibu Fatima kwa elimu yote aliyoileta. Fatima anapofuka kabisa.

Hapo ndipo Haqqi anapogusa penyewe. Dawa ilikuwa sahihi na mgonjwa hakuiamini; mganga alikuwa amesoma na hakuwapenda watu wake. Mwisho wa hadithi, ambapo Ismail anayachanganya mafuta na sayansi na Fatima anapona, ni mwepesi mno kwa kidonda kilichokwisha kufunguliwa. Lakini kidonda chenyewe kilikuwa kimeonyeshwa, na hakuna aliyeweza kukifunika tena.

Miaka 22 baadaye alitokea mwandishi aliyekataa kabisa kuutuliza ugomvi huo. Tayeb Salih alizaliwa mwaka 1929 kijijini Karmakol, kaskazini mwa Sudan, mahali pa mitende na mashamba ya kandokando ya Nile. Mwaka 1953 alikwenda London akafanya kazi katika idhaa ya Kiarabu ya BBC. Riwaya yake, Msimu wa Kuhamia Kaskazini, ilitoka mwaka 1966 katika jarida la Hiwar la Beirut. Mwaka 2001 taasisi ya fasihi ya Kiarabu mjini Damascus iliitaja kuwa riwaya muhimu kuliko zote za Kiarabu za karne ya 20, ingawa iliwahi kupigwa marufuku Sudan kwenyewe.

Msimulizi anarudi kijijini baada ya miaka saba Uingereza, akiwa na udaktari wa ushairi wa Kiingereza. Anamkuta mgeni, Mustafa Sa'eed, mkulima mpole aliyeoa hapo na ambaye hakuna anayejua alikotoka. Usiku mmoja, barazani kwa watu, pombe ikiwa imemlevya, mgeni huyo anaanza kughani ushairi wa Kiingereza kwa matamshi safi kabisa. Msimulizi anaruka kama aliyeona jini.

Mustafa amezaliwa mwaka 1898, na tarehe hiyo haikuwekwa bure. Ndio mwaka jeshi la Jenerali Kitchener wa Uingereza lilipoivunja dola ya Mahdi huko Omdurman. London alikuwa mhadhiri wa uchumi mwenye jina, na chumba chake alikijaza udi, sandali, mazulia na vioo. Wanawake wa Kiingereza aliowanasa humo walimtaka Mwafrika na Mwarabu wa ndotoni mwao, naye akawauzia ndoto hiyo. Wengine walijiua. Mke wake, Jean Morris, alimuua kwa mkono wake, akafungwa miaka saba. Msimulizi anapokuja kukifungua chumba cha siri cha Mustafa kule kijijini, anakuta meko ya Kiingereza na rafu za vitabu mpaka darini, vyote vya Kiingereza. Hata Qur'ani iliyomo ni ya Kiingereza. Hamna kitabu hata kimoja cha Kiarabu.

Lau Salih angeishia hapo, tungebaki na hadithi ya mtu aliyeharibiwa na Ulaya. Hakuishia hapo. Mustafa anapotoweka mtoni, mjane wake kijana, Hosna bint Mahmoud, analazimishwa na baba yake kuolewa na mzee Wad Rayyes, na ameapa kwamba akilazimishwa ataua. Kijiji kinacheka. Msimulizi, msomi wetu, ananyamaza. Hosna anamuua mzee, anajiua, na wanakijiji wanaona aibu kuutaja msiba wenyewe. Huo ndio ukubwa wa Salih: mauti ya London na mauti ya Nile yamo katika kitabu kimoja, na hakuna upande unaopewa nafasi ya kunawa mikono.

Tena limo jambo jingine, ambalo wasomaji wengi wa Cairo na Beirut walilipita haraka. Inasemwa katika riwaya kwamba mama yake Mustafa alikuwa mtumwa kutoka kusini. Salih analitaja kama mtu anayeweka kijiwe juu ya meza kisha akaendelea na mazungumzo. Nchini Sudan wengine walikuwa wamekwisha kuliinua jambo hilo kwa sauti. Mshairi Muhammad al-Fayturi aliimba Uafrika na weusi wake kwa Kiarabu tangu miaka ya 1950. Katika miaka ya 1960 kundi la washairi waliojiita wa Msitu na Jangwa, akiwemo Muhammad Abd al-Hayy, lilishikilia kwamba Msudani ni mtoto wa vyote viwili na hana haja ya kumkana mzazi yeyote.

Kwingineko swali lilivaa nguo nyingine. Kwa Mpalestina Ghassan Kanafani, mzaliwa wa Akka mwaka 1936, lilikuwa swali la ardhi: watu wake watatu, katika riwaya ya 1963, wanakufa kwa joto ndani ya tangi la lori wakivushwa kuingia Kuwait kutafuta kazi. Kanafani mwenyewe aliuawa kwa bomu la gari Beirut mwaka 1972. Algeria lilikuwa swali la ulimi. Malek Haddad, aliyelelewa katika Kifaransa, aliona baada ya uhuru kwamba lugha hiyo ni uhamisho wake, akaacha kutunga riwaya. Mwaka 1993 Ahlam Mosteghanemi alitoa riwaya yake ya kwanza, Kumbukumbu ya Mwili, kwa Kiarabu, akamtunukia Haddad. Naguib Mahfouz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, hakuhitaji hata kuondoka Cairo. Vichochoro vya mji wake vilimtosha, na wauza mboga na makarani wake wote aliwasemesha Kiarabu fasihi.

Uani palifunguliwa kwa upana zaidi katika karne hii. Saud Alsanousi wa Kuwait alipata mwaka 2013 tuzo ya kimataifa ya riwaya ya Kiarabu kwa kitabu kuhusu mtoto wa bwana Mkuwaiti na mfanyakazi wa ndani kutoka Ufilipino. Hammour Ziada wa Sudan alirudi Omdurman ya mwaka uleule wa 1898, lakini safari hii mhusika mkuu ni Bakhit Mandil, aliyekuwa mtumwa, akitoka gerezani na kisasi moyoni. Riwaya yake ilipata Medali ya Naguib Mahfouz mwaka 2014.

Kisha yuko Jokha Alharthi wa Oman. Riwaya yake, Sayyidat al-Qamar, ilitoka mwaka 2010, ikatafsiriwa Kiingereza na Marilyn Booth, na mwaka 2019 ikawa kitabu cha kwanza kilichoandikwa kwa Kiarabu kutwaa Tuzo ya Kimataifa ya Man Booker. Inatokea katika kijiji cha kubuni cha al-Awafi. Sulayman, tajiri wa kijiji, anajulikana kwa biashara ya tende, ila mali yake kubwa ilitokana na kuuza watu. Mwanawe Abdallah, aliyefiwa na mama, amelelewa na Zarifa, mtumwa wa baba yake na mwanamke wa baba yake. Yeye ndiye aliyemlisha na kumlaza, na hadithi zake ndizo zilizomkuza.

Utumwa ulifutwa Oman mwaka 1970. Katika riwaya, mzee Sulayman yuko kitandani anakaribia kufa na bado anamwamuru Abdallah amfunge Sanjar, mwana wa Zarifa, kwenye nguzo ya uani kwa kosa la kuiba vitunguu. Abdallah anamkumbusha kwamba serikali imewaacha huru watumwa siku nyingi na Sanjar amekwisha hamia Kuwait. Mzee haelewi serikali inaingiaje. Kwake Sanjar ni wake, si wa serikali. Hotuba zote za umoja wa Waarabu za miaka ya sitini na sabini hazikuwahi kufika kwenye nguzo ile, na mwandishi mmoja wa kike ametufikisha kwa sentensi chache, bila kuhubiri na bila kupaza sauti.

Kazi hii inatuhusu kwa njia ambayo Paris ya al-Tahtawi haituhusu. Majahazi yaliyopeleka watu Oman yaling'oa nanga katika bandari zetu, na wapo Waomani hadi leo ambao Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani mwao. Pwani yetu imejaa watu waliosoma nahau ya Kiarabu tangu utotoni, wakaitumia kwa fiqhi na tafsiri ya Qur'ani, na wengine wakaendelea hadi vyuo vya Misri, Sudan na Saudia. Hao ndio wenye uwezo wa kututafsiria Salih, Ziada na Alharthi moja kwa moja kutoka Kiarabu, bila kupitia Kiingereza. Wachapishaji wa Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar wawatafute, wawalipe ipasavyo, na waanze na Alharthi.