Ziara ya mafunzo ya usanifu majengo Zanzibar: nini cha kutazama

Hoteli nyingi katika pwani ya Afrika Mashariki hujitangaza kuwa rafiki wa mazingira. Kwa mwanafunzi wa usanifu majengo, paa la makuti si ushahidi wa kutosha. Ushahidi umo katika maji yanakotoka, taka zinakokwenda, na jinsi joto linavyopunguzwa bila mashine.

Zanzibar inafaa kwa uchunguzi huo, kwani mji wa kale, kisiwa cha hifadhi na msitu havipo mbali. Siku nne zatosha, iwapo zimepangwa vyema.

Mji Mkongwe

Siku ya kwanza itumike Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huchelewesha joto kuingia ndani, na vichochoro vyembamba hutiliana kivuli. Vyumba vingi ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Boriti hiyo itafaa kukumbukwa hadi mwisho wa safari.

Chumbe

Kisiwa cha Chumbe, kilicho kusini-magharibi mwa mji, hakina chanzo cha maji matamu. Matumbawe yake yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na nyumba 7 za wageni zikajengwa baadaye katika miaka hiyo ya 1990.

Kila nyumba hujitegemea. Paa pana hukusanya mvua, maji huchujwa, kisha huhifadhiwa katika tangi chini ya sakafu. Jua hutoa umeme na kupasha maji ya kuogea. Maji yaliyotumika hupitishwa katika vitalu vya mimea, na vyoo hugeuza kinyesi kuwa mboji, ili uchafu usifike kwenye matumbawe. Upande wa mbele huachwa wazi upepo wa bahari upite.

Mchoro wa thamani zaidi hapa ni ule wa kukata nyumba wima, unaofuata tone la mvua kutoka paani hadi ardhini.

Jozani

Msitu wa Jozani, sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu mwaka 2004, ni makao ya kima punju. Njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya matope huwapitisha wageni kati ya mikoko bila kukanyaga mizizi wala kuzuia maji. Itazamwe mara mbili, maji yakijaa na yakipwa.

Wakati na vibali

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huonyesha mapaa yakifanya kazi, lakini bahari huweza kuchafuka na Chumbe hufungwa kwa sehemu ya msimu huo. Mvua za vuli, mwishoni mwa mwaka, ni nafasi nyingine. Nafasi kisiwani ni chache, hivyo ziombwe miezi kadhaa kabla. Anayetaka kupima majengo au kufanya utafiti aombe ruhusa mapema. Futi kamba, kipimajoto na daftari vyatosha kwa vifaa.

Maswali ya kuuliza

Boriti zilikatwa wapi, na je, mikoko ilipandwa tena? Makuti hubadilishwa baada ya miaka mingapi, na nani hulipwa kuyasuka? Kiangazi kikirefuka, maji huletwa kutoka wapi?

Swali la mwisho ni zito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na shirika la Tourism Concern la Uingereza ulionyesha kwamba katika vijiji vya utalii Zanzibar, chumba kimoja cha hoteli kilitumia maji mara nyingi zaidi ya kaya ya mwenyeji.

Kwa hiyo ratiba iwe na nusu siku ya kuwasikiliza wanakijiji walio jirani na hoteli. Ramani ya jengo haionyeshi kisima kilichokauka upande wa pili wa ukuta.