Tarehe ya Nyangwe na Tatizo la Saa Zisizopatana

Takriban kila kitabu cha historia ya Maniema hutaja Julai 15, 1871 kuwa siku ya mauaji ya soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika eneo la Kasongo. Ni mara chache msomaji huelezwa kwamba tarehe hiyo imetoka katika daftari la David Livingstone, ambaye kwa miezi mingi alihesabu siku peke yake. Udhaifu wa saa au kalenda isiyolinganishwa na nyingine ndio unaowashughulisha leo watunzaji wa kompyuta zilizounganishwa katika mtandao. Maniema ilikwisha kuuona kabla yao.

Livingstone aliingia Bambarre, yaani Kabambare, Septemba 1869. Mwaka uliofuata homa na vidonda vya miguu vilimlaza huko kwa miezi kadhaa. Karatasi na wino vikamwishia, akawa anaandika kwa rangi ya mmea juu ya magazeti ya zamani. Henry Stanley alipomkuta Ujiji, daftari la Stanley lilisema Novemba 10, 1871, ilhali la mwenyeji wake lilikuwa bado katika Oktoba. Hata hesabu ya Stanley haikuwa safi, na wanahistoria wangali wakibishana juu ya siku yenyewe. Mashahidi wawili wakipingana, hapana budi apatikane wa tatu. Kwa Nyangwe, mtafiti hana budi kukumbuka kwamba wafanyabiashara wa pwani waliokuwapo walihesabu kwa mwezi mwandamo, ambao hauugui homa.

Kuhusu saa, mambo yalikuwa magumu zaidi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa 1; hivyo kosa la dakika 1 tu katika saa ya msafiri liliweza kuisogeza Nyangwe kwenye ramani karibu kilomita 28, mashariki au magharibi. Saa zilibebwa na wapagazi, zikatikiswa njiani. Zikasahihishwa kwa mwezi na nyota.

Saa ya kompyuta nayo huenda mbio au huchelewa kwa joto na baridi. Zisipopatana katika mtandao, jibu huonekana kutangulia swali, na malipo kutangulia deni. Mwaka 1985 David Mills wa Marekani alitangaza itifaki ya kuzipatanisha, ambayo iliendelezwa baadaye: kompyuta huuliza saa kadhaa, hukadiria muda uliotumiwa na ujumbe njiani, huitupa iliyojitenga na wenzake, kisha huivuta yake polepole, kwani kuirudisha nyuma ghafla kungevuruga mfuatano wa kumbukumbu.

Itifaki hiyo hubeba wakati mmoja wa dunia nzima. Kasongo imetangulia Kinshasa kwa saa 1, lakini tofauti hiyo huongezwa mtu anaposoma tu. Karani anayeisogeza saa yenyewe kwa mkono, badala ya kurekebisha majira ya mahali, huzitia barua zake zote kosa la dakika 60.