Fundi aliyeiacha meza ya mfalme njiani

Kwenye kasri la Versailles, nje kidogo ya Paris, ipo meza moja ya kuandikia ambayo historia ya samani za Ulaya haiwezi kuiruka. Ilitengenezwa kwa ajili ya Mfalme Louis XV. Kazi ilianza mwaka 1760 na kukabidhiwa 1769. Ndiyo, miaka tisa, meza moja. Ina saini pia, imewekwa kwa ustadi kwenye mbao zenyewe: Riesener, 1769, Arsenal ya Paris. Mtu aliyeibuni na kuianza, Jean-François Oeben, hayumo kwenye saini hiyo. Wakati meza inakabidhiwa alikuwa na miaka sita kaburini.

Oeben alifariki Januari 1763 akiwa na umri wa miaka 41. Kuna atakayesema miaka 41 si ujana. Sawa, lakini kwa fundi mbao huo ndio umri ambao mikono imeshajua kila kitu na wateja wakubwa ndiyo kwanza wanaanza kupanga foleni. Isitoshe, cheti cha ufundi mkuu kutoka chama cha mafundi alikipata 1761 tu. Alikitumia kwa takriban miaka miwili.

Hakuwa Mfaransa wa kuzaliwa. Alizaliwa 1721 Heinsberg, Ujerumani, akahamia Paris kama walivyofanya mafundi wengi wa Kijerumani wa zama zile. Mwaka 1749 alimwoa Françoise-Marguerite Vandercruse, binti wa fundi samani na dada wa fundi mwingine hodari, Roger Vandercruse. (Jina hili la mke liweke akilini.) Baadaye akapata nafasi kwenye karakana ya mmoja wa watoto wa Boulle, ukoo mkubwa wa samani za kifalme, na huyo alipofariki 1754 Oeben akawa fundi wa mfalme. Cheo hicho kilimkinga na masharti ya vyama. Kwa kawaida fundi mbao hakuruhusiwa kufua chuma, hiyo ilikuwa riziki ya wengine. Oeben alikuwa na tanuri lake mwenyewe la kufulia.

Na hapo ndipo kipaji chake kilipo, kwa maoni yangu. Wanaomsifu huanza na maua: alikuwa akipamba meza kwa vipande vyembamba vya mbao za rangi mbalimbali, vikapangwa mpaka vikawa chombo kilichojaa maua. Ni kazi nzuri, sikatai, ila wenzake kadhaa Paris waliiweza. Kilichomtofautisha ni kile kilichofichwa chini ya maua hayo, yaani springi, gia na vitasa. Ipo meza aliyomtengenezea Madame de Pompadour, kipenzi cha mfalme, ambayo sasa iko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Kwenye pembe zake kuna mnara mdogo wa shaba, alama kutoka kwenye nembo ya bibi huyo. Ukivuta droo ije mbele, uso wa meza unarudi nyuma wenyewe, na mara kimeza cha sebuleni kimekuwa na nafasi karibu maradufu. Mtu anayeitazama imefungwa hawezi kabisa kuhisi.

Akili hiyohiyo aliitumia kwenye kazi ambayo haikuwa na anasa yoyote. Mjukuu wa mfalme, mtoto aliyeitwa Duke wa Burgundy, aliugua akashindwa kutembea. Oeben akamtengenezea kiti chenye mitambo. Mtoto alifariki Machi 1761, hajatimiza miaka kumi.

Basi 1763 fundi naye akaondoka. Aliacha watoto wadogo, meza ya mfalme ikiwa haijakamilika, na madeni. Mabwana wakubwa wa enzi ile walikuwa wepesi wa kuagiza na wazito wa kulipa; fundi yeyote wa Keko au Gikomba atakuelewa ukimweleza.

Karakana iliokolewa na mjane. Sheria za chama zilimruhusu kuendelea kuiendesha na kutumia muhuri wa marehemu mumewe, na ndivyo alivyofanya. Ndani walikuwemo vijana wawili hodari, Leleu na Riesener, wote wakiitazama nafasi ileile. Leleu alitoka akajitegemea. Riesener alibaki, akamwoa mjane, akapata cheti chake 1768, akaimaliza meza na kuitia jina lake.

Ndipo mambo yanapochekesha na kuuma kwa pamoja. Zipo samani zenye muhuri wa Oeben ambazo hakuzigusa, kwa sababu zilitengenezwa akiwa ameshakufa. Halafu ile aliyoiwaza tangu mwanzo, yenye kifuniko cha mviringo na ufunguo mmoja unaofungua kifuniko na droo kwa mpigo, ina jina la mwenzake. Sidhani Riesener aliiba. Miaka sita ya kazi ni mingi, na yeye mwenyewe alikuja kuwa fundi mkubwa pengine kuliko bosi wake. Ila angeweza kuongeza neno moja. Nafasi kwenye ubao ilikuwepo.

Sisi wa pwani hatuna la kuwacheka. Milango mingi ya Lamu na Unguja tunaipiga picha kila siku bila kumjua aliyeichonga.

Kuna kitu kingine kilichobaki. Binti wa Oeben, Victoire, aliyezaliwa 1758, alilelewa chini ya Riesener na akaja kuolewa na Charles Delacroix. Mwaka 1798 alijifungua mtoto wa kiume, Eugène, yuleyule mchoraji aliyekwenda Morocco 1832 na kurudi na madaftari yaliyojaa michoro. Babu yake mzaa mama alikuwa seremala aliyekufa na madeni. Siku hizi vitabu vinapoeleza meza ya Versailles huandika majina mawili, na la Oeben hutangulia.