Pankeki Zako Huanguka? Hivi Ndivyo Zinapikwa Zikiwa Laini na Zimevimba Fiti Ukiwa Kiamunyi

Umefuata video ya YouTube hatua kwa hatua, vipimo ni vilevile, lakini pankeki zinavimba kwa pan, unazigeuza, halafu zinalala flati kama chapo ya jana. Unga imeenda, mayai yameenda, na gesi ya meko nayo imepungua. Kabla ujiite mpishi mbaya, angalia unapikia wapi.

Video nyingi za pankeki zina vipimo vya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na Kiamunyi, ukishika barabara ya Ravine kuelekea Kabarak, ni huku huku juu. Hewa ni nyepesi. Mgandamizo wake ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa, na maji yanachemka karibu nyuzi 94 badala ya 100.

Kwa pankeki hiyo ni noma. Gesi inayotolewa na beking pauda haina uzito mwingi wa hewa wa kuibana, so povu lilelile linavimba kama robo zaidi kuliko lingevimba Mombasa. Mapovu yanapasuka kabla unga iive na iyashike, kitu yote inaanguka. Ndio maana msee akiona pankeki imelala anaongeza pauda, na inalala zaidi. Ongeza tena na utasikia ladha ya sabuni.

Tuelewane pia ni pankeki gani. Zile nyembamba tumekulia, za kukunja na sukari na ndimu, ni za Kiingereza na hazihitaji pauda kabisa. Hizi nene ni za Kimarekani, na kusimama kwake kunategemea gesi. (Beking pauda yenyewe ilianza Uingereza mwaka wa 1843, mkemia Alfred Bird alipomtengenezea mke wake ambaye tumbo lake lilikuwa halitaki hamira.)

Sasa vipimo vya huku. Vikombe 2 vya unga ya ngano ya kawaida, vijiko vikubwa 2 vya sukari, chumvi kidogo, kijiko kidogo kimoja na nusu cha beking pauda, na nusu kijiko kidogo cha beking soda. Resipi nyingi za majuu zingekuambia pauda vijiko 3 au zaidi. Wachana nazo. Kama uko na ile pakiti imeandikwa self-raising, pauda ya kiwango cha baharini tayari iko ndani na huwezi kuitoa. Ichanganye nusu kwa nusu na ya kawaida, kisha usiongeze pauda yoyote.

Beking soda inataka kitu chachu ndio ifanye kazi, na hapo ndipo mala inaingia. Weka vikombe 2. Mala ya pakiti iko sawa, lakini kama mtaani kwenu kuna mtu wa maziwa ya ng'ombe, yachemshe, yapoe mpaka yawe vuguvugu, weka vijiko vichache vya mala na uyaache usiku mzima. Mursik usijaribu. Ni tamu kwa kikombe, lakini ule mkaa wa kibuyu utakupa pankeki za kijivu zenye ladha ya moshi.

Mayai 2 na vijiko vikubwa 2 vya mafuta vinaingia kwa mala, unapiga na uma. Unga na vitu vingine vikavu viko kwa bakuli lingine. Mimina mala katikati ya unga, koroga mara kumi au kumi na tano, halafu ACHA. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Ukikoroga mpaka ilainike kama uji, unaamsha gluteni, ule mnato wa ngano unaoipa chapati nguvu ya kuvutika. Kwa chapo unautaka. Kwa pankeki unakupa mpira. Mabonge madogo madogo yaache, yataisha yenyewe kwa moto. Iache itulie dakika 5, isizidi 10, juu soda inaanza kazi ikishikana tu na mala, na gesi ikitoroka hairudi. Ikiwa nzito hadi haianguki kutoka kwa kijiko, ongeza maziwa kidogo, maana huku maji hukauka haraka.

Pan ya chapati ndiyo bora, ni nzito na inashika moto vizuri. Weka moto wa chini hadi wa kati. Meko hupiga katikati pekee, kwa hivyo zungusha pan. Tone la maji likirukaruka, iko tayari. Paka mafuta kiasi tu, weka robo kikombe ya mchanganyiko, na usiiguse. Subiri mapovu ya juu yapasuke na matundu yabaki wazi, na ukingo uwe umekauka. Hiyo ni kama dakika 2 au 3. Geuza mara moja, dakika moja na nusu, toa. Usiifinye na mwiko! Unaifinya ya nini, na hewa ndiyo ulikuwa unaitafuta?

Ikikataa kuvimba hata hivyo, shuku pauda, hasa ile ya kupimiwa kwa vikaratasi dukani. Tupa nusu kijiko kwa maji moto. Isipotoa povu papo hapo, imekufa. Soda unaijaribu na ndimu.

Juu yake weka asali ya Baringo. Zikibaki, zifunike na kitambaa, kesho uzipashe kwa pan kavu.