Tambi, pasta na mian: neno letu limebeba mzigo gani?

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, anayefanya kazi ya kutafsiri maandishi ya pakiti za vyakula, aliniletea rasimu yake muhula uliopita. Pakiti zilikuwa tatu: ya spageti kutoka Italia, ya nyuzi nyeupe za mchele kutoka Thailand, na ya zile za kupikwa dakika mbili ambazo watoto wa Nairobi huziita Indomie hata zikiwa za kampuni nyingine kabisa. Zote tatu alikuwa ameziita tambi. Mwenzake akamcheka. Ati tambi ni za Wapwani mwezi wa Ramadhani. Hizi nyingine ni ‘pasta’ na ‘noodles’, basi!

Swali hilo si la mzaha. Mtu ambaye mwili wake haustahimili ngano anaweza kula nyuzi za mchele asidhurike, ilhali zile mbili nyingine zitamtesa. Neno lililo juu ya pakiti lina kazi ya kufanya.

Tofauti yenyewe ipo, tusijidanganye. Pasta kavu ya Waitaliano hufanywa kwa ngano ngumu, aina ambayo ikisagwa haitoi unga laini kama wa chapati bali chengachenga za rangi ya manjano. Chenga hizo hukandwa kwa maji tu, donge likasukumwa kwa nguvu kupitia bamba lenye matundu, na umbo la tundu ndilo linaloamua kama utakula spageti au makaroni. Kisha hukaushwa. Mian ya Wachina huanza na ngano laini, maji na chumvi. Donge husukumwa likawa bapa na kukatwa kwa kisu, au mpishi hulishika ncha mbili akalivuta, akalikunja, akalivuta tena, mpaka donge moja linakuwa nyuzi nyingi nyembamba mikononi mwake.

Kuna kiungo kimoja ambacho kila nikikieleza darasani wanafunzi hudhani natania. Mian nyingi za manjano za kusini mwa Uchina, pamoja na rameni za Wajapani, hutiwa maji ya magadi. Naam, magadi, ndugu wa yale yanayochimbwa katika ziwa letu kule Kajiado, ambayo mama zetu walitia kwenye mrenda na kunde ili zilainike. Katika unga wa ngano magadi hufanya kazi kinyume: huukaza, ukavutika kama mpira, na kuugeuza rangi ukawa wa manjano bila hata yai moja. Wengi hula wakiamini kwamba manjano ile ni yai.

Sasa tazama jinsi kila taifa lilivyochora mpaka wake. Mchina huainisha kwa kuangalia unga: mian ni ya ngano, na nyuzi za mchele huitwa fen. Mmarekani ameangalia yai: kwa kanuni za serikali yake, chakula kinachouzwa kwa jina la noodles, neno ambalo Waingereza walilitoa kwa Wajerumani katika karne ya 18, sharti kiwe na yai lisilopungua asilimia 5.5 ya uzito wake kikavu. Kwa kipimo hicho, mian ya magadi haifai kuitwa noodles! Waitaliano nao walitunga sheria mwaka 1967 kwamba pasta kavu iwe ya ngano ngumu pekee. Wajerumani waliokuwa wakichanganya ngano laini walikataa kufungiwa soko, na mwaka 1988 Mahakama ya Haki ya Jumuiya ya Ulaya iliamua kwamba Italia haiwezi kuzuia pasta ya namna hiyo iliyotengenezwa kihalali katika nchi nyingine mwanachama. Kwa hivyo anayesema tofauti kati ya pasta na noodles iko wazi, muulize kwanza yuko nchi gani.

Historia nayo imechafuliwa na hekaya. Karibu kila mtu amesikia kwamba Marco Polo ndiye aliyeipeleka pasta Italia kutoka Uchina. Hekaya hiyo ilivumishwa sana na jarida la watengenezaji wa makaroni wa Marekani mwaka 1929, nayo haisimami hata kidogo. Polo alirejea Venice mwaka 1295. Mwaka 1279, miaka 16 kabla ya hapo, karani mmoja wa sheria mjini Genoa aliorodhesha mali ya askari fulani na kutaja chombo kilichojaa makaroni. Wachina walikuwa na zao tangu zamani mno. Mwaka 2005 wanasayansi walitangaza kwamba bakuli lililofukuliwa Lajia, kaskazini-magharibi mwa Uchina, lilikuwa na nyuzi za nafaka za jamii ya mawele zenye umri wa takriban miaka 4,000, ingawa wengine wametilia shaka kama nafaka hizo peke yake zinaweza kuvutwa zikawa nyuzi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatuhusu sisi. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi alikamilisha kitabu chake kikubwa kwa ajili ya Roger II, mfalme wa Sicily. Humo anaeleza kijiji cha Trabia, karibu na Palermo, ambako kulitengenezwa itriyya, yaani nyuzi kavu za unga, nyingi kiasi cha kupakiwa merikebuni na kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Kitabu hicho hicho kinazitaja Malindi na Mombasa. Al-Idrisi hakufika kwetu, lakini habari zetu zilimfikia kwa njia zile zile za mabaharia na wafanyabiashara wa Kiarabu. Chakula kikavu kisichooza ni chakula cha baharini, na hakuna ajabu kikitia nanga kila bandari.

Kilipotia nanga kwetu kilipewa jina. Waitaliano walitazama wakaona vijinyoo, wakasema vermicelli; wakaona vijikamba, wakasema spaghetti. Waarabu waliona nywele, wakaziita sha‘riyya. Mswahili alikaa mbele ya taa yake ya mafuta, akaona utambi. Utambi ni mmoja, tambi ni nyingi, na siioni sababu ya kutafuta asili ya jina hilo mbali zaidi. Sote tuliangalia umbo.

Upishi wetu pia si wa Kiitaliano wala wa Kichina. Mwitaliano huchemsha na kumwaga maji. Mchina hupenda mchuzi mwingi bakulini. Mpwani huzivunja tambi, akazikaanga kwa samli au mafuta mpaka zikawa hudhurungi, ndipo atie maji au tui, sukari, iliki na zabibu, na kuziacha zinywe mpaka zikauke. Ni jamaa wa sevian za Wahindi. Anayeuliza kama tambi ni pasta au ni mian anamlazimisha mtoto wa tatu achague kati ya ndugu zake wawili.

Kwa hivyo nashikilia kwamba tambi libaki jina la ukoo mzima, kwa kuwa ndilo linalotaja umbo bila kujifunga kwa unga wala yai. Ila lisiachwe uchi. Tuseme tambi za mchele, tambi za ngano, tambi za mayai, tambi za magadi, na kwenye pakiti sifa hiyo iandikwe kwa herufi kubwa sawa na jina lenyewe. Spageti na makaroni tayari ni maneno yetu, hayana ugomvi na mtu. Pasta litumike kwa chakula cha Waitaliano, pamoja na vipande visivyo nyuzi, kwa maana ni vigumu kumwambia mtu kwamba lasanya ni tambi. Wasomali waliolitoa neno hilo kwa watawala wao Waitaliano wamelifanya baasto, na ukienda Eastleigh utaandaliwa na ndizi mbivu kando. Hilo nalo lina haki yake.

Ama Indomie, walimu wenzangu hukunja uso wakilisikia kwenye insha. Mimi sikunji. Indo ni Indonesia, na mie ni ile ile mian ya Wachina kwa matamshi ya watu wa Fujian waliohamia visiwa vile. Mtoto wa Umoja anayemwambia mamake ampikie indomie anatamka Kichina bila kujua. Ningelitia kamusini, kwa herufi ndogo, na mbele yake niandike: tambi za kukaangwa kiwandani ili ziive upesi, mtindo ulioanzishwa Japani na Momofuku Ando mwaka 1958.