Kitambi, homoni na moyo

Mtu akiota kitambi, wengi husema maisha yamemnyookea. Lakini mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo, yakizunguka ini na utumbo, hayakai kimya kama mahindi ghalani. Yanatoa homoni, yaani kemikali zinazosafiri kwenye damu kupeleka ujumbe sehemu mbalimbali za mwili.

Mojawapo ni leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na kundi la mwanasayansi Jeffrey Friedman huko New York, Marekani. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, kula kupungue. Wengi walitumaini dawa ya unene imepatikana. Haikuwa hivyo. Watu wengi wenye unene uliozidi wana leptini nyingi tayari, ila ubongo wao hauisikii vizuri, kama mtu aliyezoea kelele za mashine ya kusaga. Kwa hiyo njaa wanayoisikia ni ya kweli, na kuwaita walafi tunaona si haki.

Insulini nayo hupata taabu hiyohiyo. Hutengenezwa na kongosho ili kudhibiti sukari kwenye damu. Mafuta ya tumboni yakizidi, misuli na ini huacha kuitii vizuri. Kongosho huongeza nyingine, na likichoka sukari hupanda: hicho ndicho kisukari aina ya pili. Insulini ikizidi, figo nazo hubakiza chumvi mwilini, presha ikapanda. Moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi, huku mishipa ikizidi kuwa myembamba kwa mafuta. Haya yanaweza kuendelea miaka mingi bila maumivu yoyote.

Huna mizani? Kata kamba sawa na urefu wako, kisha ikunje katikati upate nusu yake. Toa pumzi, izungushe tumboni, kati ya mbavu za chini na nyonga. Ncha zisipokutana, nenda kituo cha afya upimwe presha na sukari. Kwa mjamzito kipimo hiki hakifai.

Si lazima uwe mwembamba. Mwenye kilo 90 akipunguza 5 hadi 9, mwili huanza kuitii insulini vizuri zaidi. Sisi tungeanza na soda na sukari ya chai, halafu kutembea kwa haraka kila siku. Anayetumia dawa za presha au kisukari asiziache bila kumwuliza mganga wake.